Mbegu za Kapu la Pili

Mwanangu Amongin,

Nakuandikia mchana, wewe na mama yako mkiwa mmekwenda soko la Amagoro kutafuta sanduku lenye kufuli inayofunga. Nimekaa ghalani juu ya gunia la mahindi, na karatasi nimeiweka kwenye kile kiti kibovu cha nyanya yako. Kalamu ni yako. Niliichukua mezani bila kuomba, unisamehe hilo kwanza maana ni dogo. Kuna lingine.

Habari za kufua, kula, kusali na kuogopa wavulana umeshaambiwa na mama yako tangu Jumatatu, na shangazi zako wamekuja kurudia yale yale kwa sauti kubwa zaidi. Mimi sina la kuongeza hapo. Nataka kukueleza habari ya shamba la chini, lile la karibu na mto, na mkono wako wa kushoto. Kwa miaka saba umeamini jambo ambalo si kweli, na aliyekufanya uamini ni mimi.

Nimejaribu kukuambia kwa mdomo mara tatu. Mara ya mwisho ilikuwa juzi, tulipokuwa tunanywesha maksai. Nikasema, "Amongin." Ukaitika, "Papa." Nikakuuliza kama yule mwekundu amekunywa maji, na alikuwa anakunywa mbele ya macho yetu wote wawili. Uliniangalia ukadhani mzee ameanza kuchoka akili. Heri ingekuwa hivyo.

Huenda ningekuacha uende hivyo hivyo, lakini wiki iliyopita nilikuwa nyuma ya jiko nachonga mpini, na ukuta wa jiko letu unajua ulivyo mwembamba. Mama yako alikuuliza huko chuo cha kilimo utasomea nini hasa. Ukamjibu, "Nitashika ng'ombe na udongo. Mbegu nitaachia wengine." Akakuambia uache upuuzi. Ukasema, "Mama, siku moja tu Papa aliniruhusu, na nikaharibu."

Niliweka mpini chini. Nilikwenda shamba la chini nikakaa kwenye ule ufa ambao maji yalichimba, na ng'ombe siku hiyo walirudi nyumbani peke yao.

Ngoja nianzie mbali kidogo, ili uone nilivyofika pale.

Ulizaliwa unashika kila kitu kwa kushoto: kijiko, jembe, hata titi la mama yako. Mimi sikujali mpaka ulipofika umri wa kuingia kwenye mstari wa kumwaga mbegu za wimbi. Unajua tunavyofanya hapa kwetu. Watu watano sita wanasimama bega kwa bega, kila mmoja na kapu kwenye nyonga ya kushoto, na wote wanarusha kwa mkono wa kulia, hatua kwa hatua, mbegu zinaangukia pamoja. Wewe ukaingia na kapu upande wa kulia ukarusha kinyume. Mbegu zako zikamwagika kwenye kapu la jirani yetu Mama Ikileng na nyingine machoni mwake. Nyanya yako, Mungu amrehemu, akasema mkono wa kushoto unailaza mbegu badala ya kuiamsha. Mama yako akasema mkono hauui mbegu, mtoto awekwe tu mwisho wa mstari asigongane na mtu, basi. Mama yako ni wa Marachi, si wa kabila letu, na nilijua mama yangu hatakubali kusahihishwa na mtu wa Marachi. Nikachagua kuwa mtoto wa mama yangu. Nikakata ukanda wa mpira wa baiskeli, nikakufunga mkono wa kushoto kiunoni kila msimu wa kupanda. Ulikuwa na miaka minane. Ulikuwa hulii, na mimi nikasema moyoni, unaona, haumii.

Miaka mitatu baadaye ndipo alipokuja yule bwana shamba kijana mwenye viatu vyekundu kwa vumbi. Alituita sisi watu wa plau, zile nyumba tano zinazoshirikiana maksai, akatuonyesha mfuko wa mbegu ndogo za rangi ya kahawia. Akaziita marejea. Tulipouliza ni nini, akatuambia ni ndugu ya mitoo, ile mboga ya majani tunayopika.

"Lakini hii haikuliwi na haiuzwi," akasema. "Kazi yake ni kulinda udongo. Ukishavuna mahindi unamwaga hii. Mvua ikikuja inakuta shamba imevaa nguo. Halafu unalima unaizika ndani, inakuwa mbolea ya bure."

Mzee Ekirapa alicheka mpaka akashika mbavu. "Sasa mimi nimepalilia tangu kuzaliwa, leo nipande magugu na mkono yangu? Nitachekwa mpaka Malaba!"

Na kweli, kwetu shamba lenye majani baada ya mavuno ni shamba la mlevi. Mimi nilikubali. Nikuambie ukweli wote: nilikubali nusu kwa sababu udongo wa shamba la chini ulikuwa unaondoka na maji kila mwaka, na nusu kwa sababu nilitaka kuwa wa kwanza, siku moja Ekirapa aje kuniomba mbegu. Nilimwambia bwana shamba mbele ya watu wote, "Leta kwangu. Mimi siogopi kuchekwa." Niliogopa sana kuchekwa, kuliko mtu yeyote pale.

Alileta na mashine. Unaikumbuka: mfuko wa turubai wa kuvaa shingoni, chini yake sahani ya bati, na mpini wa kuzungusha upande wa kulia. Ukizungusha, ile sahani inarusha mbegu mbele kama nusu mwezi. Alitufundisha kuchanganya mbegu na mchanga mkavu ili zisitoke nyingi kwa mara moja, na kugawa mbegu sehemu mbili, moja uimwage ukienda na urefu wa shamba, nyingine ukilikata kwa upana, ili pasibaki kipara. Wewe ukaomba kujaribu. Ukashika mpini kwa kushoto, ukazungusha kinyume, mashine ikakurushia mchanga tumboni na puani. Watu wote walicheka, na wewe ukacheka, meno yamejaa mchanga. Mimi nikasema, "Unaona? Hata mashine haikutaki." Ukaacha kucheka. Nililiona hilo, nikaendelea na mambo yangu.

Sasa tumefika kwenye kapu la pili.

Mbegu ya marejea ina ganda gumu. Bwana shamba alisema tuchemshe maji, tuyatoe motoni, tuyaache kidogo mpaka yatulie, ndipo tuyamwage juu ya mbegu. Zipoe humo, kisha zianikwe kivulini. Aliniambia mara mbili: "Mzee, maji inatoka kwa moto kwanza. Sikia? Kwanza." Nikamwambia nimesikia, mimi si mtoto.

Mama yako alikuwa Marachi kwenye matanga ya mjomba wako. Asubuhi nilitayarisha kapu la kwanza kama nilivyoambiwa. Mchana nikabandika maji ya kapu la pili, na hapo akaingia Okisai, shemeji yangu wa Tororo, na baiskeli yake. Siku zile huko kwao maduka yalikuwa yamebaki kuta tupu, alikuwa amevuka mpaka kutafuta chumvi na sabuni. Nyanya yako alikuwa na chungu cha ajono tayari, na pombe ya wimbi haiwezi kumngoja mtu. Nikamwaga mbegu ndani ya sufuria ikiwa bado motoni, nikijiambia nitaitoa sasa hivi. Nikaenda kukaa, nikashika mrija wangu. Okisai akaanza kusimulia jinsi safari iliyopita alivyomdanganya askari wa mpakani kwamba mche wa sabuni aliouficha kwenye kofia ni uvimbe kichwani, na askari akampa pole. Nilicheka mpaka machozi yakanitoka. Hapakuwa na msiba wala ugonjwa ulionisahaulisha, mwanangu. Ilikuwa pombe na kicheko.

Nilipokumbuka, sufuria ilikuwa inatokota. Niliinama nikasikia harufu ya kitu kilichoiva. Nikachuja, nikaanika kwenye mkeka. Zilipokauka zilionekana sawa tu na zile za kwanza, labda zimevimba kidogo. Nilizitazama muda mrefu. Nilijua. Mtu ambaye amekula maharagwe maisha yake yote anajua mbegu iliyopikwa.

Kesho yake nilivaa mashine nikamwaga kapu la kwanza shamba la juu, kando ya njia, watu wakipita wanatazama. Nilivuta tawi la mwiba kwa maksai kufukia. Kisha nikarudi nyumbani nikachukua kapu la pili, nikakuita. Ulikuja na mkono wako umefungwa, maana ulikuwa msimu. Nikaufungua ule mpira mwenyewe. Nikasema, "Leo nenda shamba la chini. Mwaga na mkono unaotaka."

Ungejiona uso wako siku ile! Ulikimbia. Nilikuja nyuma yako nikasimama juu ya mteremko, nikakuona unavyotembea na kapu kwenye nyonga ya kulia, mkono wa kushoto ukifunguka, mchanga na mbegu zikienda sawasawa, bila kipara, bila rundo. Uliligawa shamba kwa vijiti kama bwana shamba alivyosema, ukalipita mara mbili. Hakuna mtu katika zile nyumba tano ambaye angemwaga vizuri namna ile. Nami nimesimama pale najua hakuna hata moja itakayoota.

Ningependa kukuambia nilikupa kapu lile bila kufikiri. Nimejaribu kuamini hivyo, imekataa. Nilipokuwa naufungua mpira nilikuwa tayari najua nani ataulizwa.

Wiki ya tatu bwana shamba akaja, na watu wa plau wote nyuma yake. Juu palikuwa kijani. Chini palikuwa udongo mtupu. Yule kijana akapiga magoti, akafukua mbegu moja, akaibonyeza kwa kidole. Ikapondeka. Akaniangalia.

"Mzee, hii maji ilikuwa moto namna gani?"

Ekirapa alikuwa pembeni yake, mdomo tayari kucheka. Nikasema, "Muulize huyo mtoto alimwaga na mkono gani."

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo nililokuwa nalitaka, na nililipata. Nyanya yako akatingisha kichwa, Mama Ikileng akashika mdomo. Bwana shamba alifungua kinywa, kisha akaona mimi ni mtu mzima na yeye ni kijana, akakifunga. Wewe ulikuwa umesimama karibu na ule mti wa mtoni. Uliutazama mkono wako, pande zote mbili, kama mtu anayetafuta mwiba. Nimeoa, nimezika watoto wawili na mama yangu, lakini nikifumba macho ninachokiona ni hicho.

Mvua ya msimu ule ilikuwa kubwa. Shamba la juu likavaa maua ya njano, udongo ukakaa. Shamba la chini likachimbwa ufa unaoweza kumficha ndama, na udongo wake ukaenda mtoni. Ekirapa alikuja kuniomba mbegu, kama nilivyokuwa nimeota. Nilimpa. Sikusikia utamu wowote.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi. Mama Ikileng alikurudisha kutoka shambani kwake ukiwa umebeba kapu lako mwenyewe. Aliniambia, "Baba Amongin, si ubaya, lakini watoto wangu wanakula hiyo wimbi." Na mimi nikamwambia nimeelewa. Ukaanza kuchimba mashimo na kumwachia mama yako adondoshe mahindi. Ukajifunza kuandika kwa kulia mpaka mwalimu akakusifu. Ule mpira niliutupa kwenye paa la banda, maana haukuhitajika tena. Mkono wako ulikuwa umejifunga wenyewe.

Halafu kuna ule mkebe. Mwaka juzi nilichukua mkebe wa mafuta ya kupikia, nikautoboa matundu chini kwa msumari wa moto, nikaupigilia kijiti kirefu, nikakuambia tia mbegu na mchanga humu, tembea ukitikisa. Watu waliusifu, hata bwana shamba mpya aliuchora kwenye daftari lake. Wewe ulifurahi kuliko wote. Uliniambia, "Asante Papa, hivi mbegu hainigusi." Nililala na neno hilo mgongoni kama jiwe. Nilikuwa nimetumia siku mbili nzima kutoboa bati ili nisiseme sentensi moja.

Mama yako hajui. Alibisha tangu mwanzo, lakini ushahidi hakuwa nao, na ushahidi mimi niliuanika kwenye mkeka wake. Nitamwambia leo mkirudi, kabla hajavua viatu. Atanifanya nini sijui, na sitakimbia.

Nimejifunza nini? Kidogo. Nimejifunza kwamba uongo wangu haukuwa mkubwa siku niliyousema. Ulikuwa maneno machache ya kumzuia Ekirapa asicheke. Mimi nikaulisha kila msimu kwa kunyamaza. Nimejifunza pia kwamba mtu anaweza kumpenda mtoto wake kabisa, akamnunulia viatu, akauza ng'ombe apate karo yake, na bado akamwacha abebe mzigo wake yeye. Nilikuwa nafikiri mambo hayo mawili hayawezi kukaa kwenye moyo mmoja. Yanakaa, tena bila kugombana.

Huko chuoni watakuja kukupa kapu, au mashine ya aina nyingine ambayo mimi sijaiona, na watasema, "Haya, dada, mwaga." Usirudi nyuma. Kama mpini uko kulia, waambie waugeuze au uchukue kapu. Mengine yote ya kilimo watakufundisha vizuri kuliko mimi. Hili moja tu ni langu, maana mimi ndiye niliyeliharibu.

Sikuombi unisamehe kwenye karatasi. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie, hata mwaka, hata usiandike barua. Nitamuuliza mama yako habari zako, akitaka atanipa.

Lakini kuna jambo la kesho. Asubuhi kabla hujaenda kungoja basi, watu wa plau watakuja kukuombea: Ekirapa, Mama Ikileng, wote waliokuwa pale shambani siku ile, isipokuwa nyanya yako. Baada ya maombi watasema baba wa msichana atoe neno. Nimepanga kusema haya niliyoandika, mbele yao, kwa sababu niliyasema yale mengine mbele yao. Kupewa ukweli kwa siri wakati uliaibishwa hadharani, hilo lingekuwa kapu lingine la mbegu zilizopikwa.

Tatizo ni kwamba unanijua. Juzi nilishindwa mbele ya maksai. Kwa hiyo barua hii nitakupa jioni hii mkononi, uisome, ulale nayo. Kesho ukiniona nimesimama nikaanza kuwashukuru wageni, nikasifu mvua, nikakutakia safari njema, halafu nikakaa, basi jua nimeshindwa tena. Hapo usiniangalie wala usinihurumie. Simama wewe. Waambie wanyamaze. Soma kuanzia pale Okisai alipoingia na baiskeli, soma kwa sauti Mama Ikileng asikie.

Na karatasi uishike kwa mkono wako wa kushoto.

Mimi baba yako, niliyezichemsha.